Asubuhi ya Pasaka kwa Wamoravian wa Rungwe: mwongozo kwa anayekuja mara ya kwanza

Kila mwaka, Jumapili ya Mitende ikipita tu, simu yangu haipoi. "Dada, ibada ni saa ngapi?" "Nivae nini?" "Mimi ni Mroma, nitaruhusiwa?" "Ni kweli mnaenda makaburini usiku?" Mwaka huu nimeamua kuandika mara moja, atakayeuliza nimtumie hii.

Mimi mwenyewe nilianza nikiwa mgeni. Nimezaliwa Morogoro, nikalelewa Mkatoliki. Pasaka niliyoijua ilikuwa ya kesha: Jumamosi usiku, moto mpya unawashwa nje ya kanisa, mshumaa mkubwa unaingia gizani, mnarudi nyumbani usiku wa manane mkiwa mmeshamaliza. Nilipoolewa Rungwe nikajisemea Pasaka ni Pasaka. Nikatoka na viatu vya visigino virefu. Nitakuambia chini huko viliishia wapi.

Wamoravian, Wakristo wa kanisa la Kiprotestanti, wanaipokea Pasaka makaburini, kabla jua halijachomoza. Desturi hii ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume wa huko walipopanda kilima cha Hutberg alfajiri kwenda kuimba kwenye makaburi ya ndugu zao. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Hakuna tambiko wala kuzungumza na wafu. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo swali ambalo watu huniuliza kwa kunong'ona. Wale wanawake wa kwenye Injili walikwenda kaburini alfajiri, nasi tunakwenda alfajiri. Nadharia imeishia hapo.

Ninachoeleza ni utaratibu wa ushirika wetu, yaani kanisa letu la mahali. Kwa jirani saa inaweza kusogea, na njia ya maandamano ikawa nyingine, lakini ukifuata hatua hizi hutaonekana umepotea.

Andaa hivi kabla ya Jumamosi jioni

- Gambuti, au viatu vya bapa vyenye meno. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, yaani masika yenyewe, na mvua ya Tukuyu, mji wa huku Rungwe, haina utani.
- Sweta au koti zito. Anayetoka Dar anadhani namtania. Simtanii.
- Koti la mvua. Mwavuli ni wa akiba tu, maana ukiufungua katikati ya watu unamziba wa nyuma na maji yote unamwagia wa pembeni.
- Tochi. Ya simu inatosha kama umechaji usiku.
- Khanga mbili kwa mwanamke: moja ya kujifunga, nyingine ya kujitanda au kumfunika mtoto.
- Biblia na kitabu cha nyimbo. Kama huna kitabu, usinunue chochote utakachokutana nacho dukani. Muulize mwenyeji wako wanaimbia kipi. Hata hivyo alfajiri watu wengi wanaimba kwa kichwa.
- Sadaka, iwe ya noti ndogondogo. Utatoa zaidi ya mara moja.
- Nguo safi ya kubadilisha kwa ajili ya ibada kubwa, pamoja na viatu vyake.
- Kama una mtoto: maji, kipande cha mkate au kiazi, na subira.

Hatua kwa hatua

1. Mtafute mwenyeji ndani ya wiki ya mateso. Usisubiri Jumamosi usiku. Mzee wa kanisa, mwinjilisti, mwanakwaya au jirani yeyote anatosha. Muulize mambo matatu: mnakusanyika saa ngapi, mnaanzia kanisani au moja kwa moja makaburini, na ibada ni kwa Kiswahili au imechanganywa na Kinyakyusa. Ukiweza, nenda naye kwenye ibada za jioni za wiki hiyo, ambako habari ya mateso husomwa siku baada ya siku. Aliyesikia ya Ijumaa Kuu ataisikia Jumapili kwa sikio jingine.

Angalizo la saa: ukiambiwa "saa 11", ni saa 11 alfajiri ya Jumapili. Kuna shemeji yangu mmoja alifika saa 11 jioni ya Jumapili, amependeza kweli, akakuta tunaosha masufuria.

2. Lala karibu. Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70, na usitegemee kupata gari la abiria la kukufikisha alfajiri. Jumamosi ya Pasaka magari hujaa mapema, kila mtu anarudi kwao, kwa hiyo safiri mchana. Kama utahitaji bodaboda alfajiri, patana na dereva Jumamosi hiyohiyo, nauli na saa ya kukufuata, kisha mpigie tena kabla hujalala.

3. Jumamosi nenda ukafyeke. Hatua hii wageni wengi wanairuka, na mimi naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Siku moja kabla, watu wa ushirika hukutana makaburini na mapanga, majembe na ndoo za chokaa. Nyasi zinafyekwa, makaburi yanapakwa chokaa, maua yanapandwa. Hakuna atakayekuuliza wewe ni dhehebu gani ukiwa umeshika fyekeo.

Utapata faida tatu. Utaiona njia mchana, ujue wapi pana mtelezo. Utafahamiana na watu watano sita ambao kesho gizani watakuita kwa jina. Na makaburi yenyewe yataacha kukutisha, kwa sababu utakuwa umekaa juu ya nyasi zake ukila muhindi wa kuchoma.

4. Peleka jina la marehemu wako. Ndani ya liturujia ya alfajiri hiyo kuna mahali tunapowakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Kwetu majina husomwa moja moja. Kama mmefiwa ndani ya mwaka huo, andika kwenye karatasi jina la ubatizo na la ukoo kwa herufi zinazosomeka, ongeza tarehe aliyofariki, umkabidhi mwinjilisti au mzee wa kanisa kabla ya Ijumaa Kuu. Mkabidhi mkononi. Usimtume mtoto, wala usiseme "si wanajua tu".

Sisi tulisema hivyohivyo mwaka aliofariki baba mkwe. Kila mmoja alidhani mwenzake amepeleka. Asubuhi majina yakasomwa, moja, jingine, jingine, mama mkwe amesimama kaburini ameshika ncha ya khanga mdomoni, anasubiri. Orodha ikaisha. Mchungaji akafunga karatasi. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili tu, lakini ni mkamwana, na kwa mila za Kinyakyusa jina la baba mkwe halinitoki kinywani. Nikamfinya wifi yangu. Wifi akalitaja kwa sauti, jina lote, mpaka la babu. Kimya. Mchungaji akaifungua tena karatasi, kana kwamba lilikuwemo, akalirudia vilevile. Mama mkwe akaachia ile khanga.

Tangu hapo kazi ya kupeleka majina ya ukoo wetu ni yangu. Kuandika naruhusiwa.

5. Amka saa 9 na nusu usiku. Kwetu hutahitaji kengele ya simu, kwa sababu wapiga tarumbeta huanza kupita na nyimbo za Pasaka kabla hata jogoo hawajachangamka. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani kuna msiba. Oga, kunywa chai ya moto, kula chochote. Kufunga si sharti, na kila mwaka kuna mtu anayezimia kwa sababu amekuja na tumbo tupu akidhani ndiyo utakatifu.

6. Fika kabla ya saa 11 na ujifunze kuitikia. Watu husimama gizani, hawapigi soga. Salamu ni za chini: ukisalimiwa "mugonile", unaulizwa kama umeamka salama, Kiswahili chako kinatosha kujibu. Mmoravian akikuambia "Mwanakondoo ameshinda," wewe unajibu "Tumfuate." Kisha ibada inafunguliwa na sauti moja:

"Bwana amefufuka!"

Nawe unajibu pamoja na wote: "Amefufuka kweli kweli!"

Hapo ndipo mgeni anapojulikana, kwa sababu hujibu kwa aibu, nusu sauti. Jibu kwa kifua. Maneno hayo mawili matatu utayarudia asubuhi nzima, njiani, kwenye simu, mpaka kwa muuza vocha.

7. Andamana. Tarumbeta mbele, mchungaji na wazee, kwaya, kisha watu wote. Zima tochi inapowezekana; macho yakizoea utaona vizuri zaidi. Pasaka hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo kama hakuna mawingu utaukuta mwezi bado uko juu, na chokaa ya jana itakuwa inang'aa yenyewe kwenye makaburi.

Kama wewe ni mkamwana mpya katika nyumba ya Kinyakyusa, muulize wifi yako mapema utembee wapi. Kuna familia ambazo bado zinatunza mwiko wa mkamwana kutokutana uso kwa uso na baba mkwe, na kuna ambazo zimeshauacha. Njia ya makaburini ni nyembamba, si mahali pa kuanza kujifunza.

Na sasa vile viatu vya visigino. Kisigino cha kulia kilibaki kwenye tope kama hatua 30 kutoka getini. Cha kushoto nilikivunja mwenyewe ili nitembee sawa. Mwanamke mmoja ambaye sikumjua alivua kandambili zake akanipa, akaendelea pekupeku.

8. Simama makaburini, usitangetange. Tafuta mahali na ubaki hapo. Usikanyage kaburi, usikalie kaburi, na usiegemee msalaba wa mtu. Kama una marehemu wako hapo, simama karibu naye. Wanaokufahamu wanajua na watakupisha. Kwa Wanyakyusa wengi maziko hufanyika nyumbani, penye migomba, kwa hiyo usishangae ukoo mkubwa ukawa na kaburi moja tu hapo au usiwe nalo kabisa. Wao husimama popote.

Kinachofuata ni ungamo la imani, ambalo ni refu, maombi, nyimbo, na majina. Tarumbeta wakigawanyika makundi mawili, moja juu moja chini, utasikia wanajibizana. Usipige makofi. Jua la Rungwe huchomoza karibu saa 12:45, lakini nuru huanza kama dakika 20 kabla yake. Kwanza unatambua rangi ya khanga ya mtu wa mbele yako, kisha maandishi yake, kisha sura yake akigeuka. Siku yenye mawingu jua hulioni kabisa. Ghafla tu unagundua kuwa hakuna anayehitaji tochi.

Kuhusu simu: izime sauti. Picha za mwanga na za tarumbeta piga mbili, zinatosha. Wakati wa majina weka simu mfukoni. Kumrekodi mtu anayemlilia mama yake ni kosa ambalo hakuna atakayekukemea papo hapo, ila watalikumbuka.

9. Rudi, ujisafishe, unywe chai. Alfajiri ikiisha kunakuwa na nafasi kabla ya ibada kubwa. Mtu akikuambia "twende nyumbani tukanywe chai," nenda. Kukataa mara ya kwanza kwa adabu ni sawa, mara ya pili ni kuringa. Chai, ndizi za kuchemsha, maparachichi wakati mwingine. Ukimaliza sema "ndaga fijo", asante sana, na utaona wenyeji watakavyocheka kwa furaha. Badilisha nguo hapo.

10. Ingia ibada kubwa ukiwa na nguvu. Huanza kama saa 4 na haina haraka. Kuna ubatizo, kuna kwaya moja, ya pili, ya tatu, kuna mahubiri. Wageni wataombwa wasimame. Sema jina, unakotoka, aliyekuleta, na "Bwana Yesu asifiwe". Sentensi tatu. Usihubiri.

Kwenye Meza ya Bwana, kama bado hujabarikiwa (hujapata kipaimara) au kanisa lako haliruhusu, baki umekaa, hakuna anayekuhesabu. Mimi nilikaa miaka miwili. Kama una shaka, muulize mzee wa kanisa nje, kabla ya ibada, siyo ukiwa tayari kwenye foleni.

Sadaka hutolewa kwa kwenda mbele, kwa wimbo, mstari kwa mstari. Bahasha za shukrani ya Pasaka hugawiwa mapema, na kama hukupata weka noti yako kapuni bila kuona haya.

11. Mnada. Walioleta sadaka ya vitu badala ya fedha vitu vyao hunadiwa nje baada ya ibada: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, debe la mahindi, mara moja moja mbuzi. Hapa ndipo kanisa zima linapocheka. Mnadi anajua nani ana fedha, na mgeni kutoka mjini anajulikana kwa viatu. Weka kiasi chako kichwani kabla, ukifika hapo nyamaza. Usijikune kichwa wala usimpungie rafiki mkono. Ukishanunua unaweza kuondoka na kitu chako au ukakikabidhi kwa mtu, mara nyingi kwa mama mchungaji au bibi asiyejiweza, au ukakirudisha kinadiwe tena. Kuna jogoo mmoja mwaka juzi aliuzwa mara nne, na hakuonekana kupendezwa.

12. Kula. Usipange safari ya kurudi mchana huo. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya kitaifa, ofisi zimefungwa, unakimbilia wapi? Nyumbani kutakuwa na pilau, nyama, na mbalaga. Mbalaga ni ndizi za kupika kama zinavyopikwa Unyakyusa. Usizilinganishe kwa sauti na za kwenu.

Mambo yakienda kombo

*Mvua inanyesha vibaya.* Usiamue mwenyewe kubaki kitandani. Mara nyingi ibada huanzia kanisani, na ikipungua watu hutoka hata kwa dakika 20. Mpigie mwenyeji. Vitabu funika kwa khanga ndani ya koti. Siku hizi mifuko ya plastiki hairuhusiwi, usije kuwa ndiye mtuhumiwa siku ya Pasaka.

*Umechelewa, maandamano yameshaondoka.* Fuata sauti ya tarumbeta, usikimbie. Ukifika simama pembeni mpaka wimbo uishe, ndipo usogee. Ukikuta wanasoma majina, simama palepale ulipo hata kama ni njiani.

*Mtoto analia.* Toka naye hatua chache, mfunike, mpe kiazi. Kila mama pale amepitia hayo. Mtoto akicheza na maua ya kaburi, mwondoe taratibu bila kumchapa.

*Lugha imebadilika ghafla, huelewi.* Wimbo wa zamani ukiingia, wazee huhamia Kinyakyusa bila kutangaza. Tulia, fuata sauti. Ukisikia "Kyala" anatajwa Mungu.

*Wewe ni Mwislamu, umekuja kwa ajili ya mkwe au rafiki.* Karibu. Utasimama wakisimama, utakaa wakikaa, hutalazimishwa kuimba wala kutoa. Mwambie mwenyeji kuhusu chakula mapema, siyo sufuria likiwa limeshaepuliwa, ili jambo la uchinjaji lipangwe.

*Umekuja KKKT badala ya Moravian.* Si tatizo. Walutheri nao sehemu nyingi wana ibada ya alfajiri, na mengi ya hapo juu yatakufaa. Badilisha neno "ushirika" liwe "usharika", usiulize tofauti.

*Uchungu umekuzidi makaburini.* Kaa chini kwenye nyasi. Kuna mtu atakuja kukaa karibu nawe na pengine hatasema neno. Usimwombe radhi.

*Jina la marehemu wako limesahaulika.* Usisubiri mwakani. Mguse mzee wa kanisa aliye karibu umnong'oneze, au mtume mtu ambaye mila inamruhusu kulitaja. Karatasi inaweza kufunguliwa tena.

*Umevunja kisigino.* Omba kandambili. Za yule mama nilizirudisha Jumatatu, nimeziosha, pamoja na kilo moja ya sukari. Akaipokea sukari, kandambili akaniambia nibaki nazo za mwakani.